Uzi wa Kupimia Kiuno

Miaka ile ya Mwingereza nilikuwa tarishi wa boma la Biharamulo, kijana mwenye majivuno kuliko mshahara wake. Tulipewa kaptura moja ya kaki kwa mwaka. Likizo yangu ya kwanza nilikwenda kwetu Mabawe nikala ndizi za mama mwezi mzima, na niliporudi kifungo kiliniruka na kaptura ikashuka mbele ya karani mkuu, mikono yangu yote miwili imejaa barua. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Pale bomani sikuwa na ndugu wala mtu wa kunipoza, nikabaki na kile kicheko mwaka mzima.

Likizo ya pili nilijiwekea masharti. Nilikata uzi, nikauzungusha kiunoni, nikapiga fundo pale kaptura iliponikaa vizuri. Kila asubuhi njiani nilijipima. Kasulo, nilikolala kwa mjomba, nilimega matonge matatu ya ugali wa mtama nikasema nimeshiba. Mjomba alinitazama, akaondoa sahani. Nami nikajiona mjanja kweli kweli.

Mama alikuwa amebaki peke yake. Baba alikwisha fariki, na dada zangu waliolewa mbali. Alinipikia ndizi na maharage, akaniwekea na maziwa ya mgando. Nilionja kidogo, nikasogeza bakuli. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu aliukuta uzi wangu kitandani, akanifuata nao uani, ameushika kwa ncha za vidole.

"Nani amekufungia kitu hiki?" aliniuliza taratibu, kwa Kihangaza chetu.

"Ni cha kupimia kiuno, mama. Nisije nikanenepa."

Nilipolisikia jibu langu mwenyewe nilijua haliaminiki. Kwetu hakuna aliyewahi kukimbia unene. Uzi wenye fundo hutoka kwa mganga, na anayekataa chakula cha nyumba anamwogopa mwenye nyumba. Ndiyo maana kwetu anayemkaribisha mgeni pombe hupiga funda la kwanza mwenyewe, mgeni aone kwamba haina sumu. Mtoto haonjewi na mama yake.

Hakulia, wala hakunigombeza. Mchana alipakua, akakaa mbele yangu, akamega ndizi kutoka kwenye bakuli langu, akatafuna, akameza. Kisha akanisogezea bakuli.

Nilikula nikamaliza kwa aibu. Niliutupa uzi motoni mbele ya macho yake. Jioni ile nilimaliza mabakuli mawili nikaomba la tatu, na siku zilizofuata nilikula kama mtu anayelipwa kwa kula. Kaptura na ipasuke, potelea mbali. Nilimweleza habari ya kifungo, ya karani, ya kicheko. Alisikiliza yote, akaitikia, "Sawa, mwanangu." Lakini kila alipopakua alionja kwanza. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, na sijawahi kuwa mpweke namna ile hata Biharamulo.

Siku ya kuondoka alinifungia ndizi za kuchoma kwenye majani ya mgomba. Nilikaribia Kasulo njaa ikaniuma, nikakaa kando ya njia, nikafungua. Kila moja ilikuwa imemegwa ncha.