Vitabu vya Alasiri

Karatasi iliyolowa mvua ikaja kukaushwa juani ina harufu yake, na aliyewahi kuinusa haisahau: kama unga ulioanza kuvunda, kama mkeka wa zamani, na kwa mbali mende. Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuwa akipekua kabati, akafungua kitabu kimoja kilichopinda kama kigae, na harufu ile ikanichukua moja kwa moja hadi Masaki ya Kisarawe. Nikajiona nina miaka kumi, nimekaa kwenye jamvi barazani kwetu, namsubiri baba amalize kufuta miwani yake. Alikuwa akiifuta polepole makusudi. Alijua tunavyoteseka.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Vitabu vyenyewe alivipata upande wa Kibaha, kwa msimamizi mmoja wa Kizungu wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao na kugawa vitu asivyoweza kuvibeba. Watu walipata viti, wengine masufuria. Baba alirudi na sanduku la vitabu amelifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba, mvua imemnyeshea njia nzima, yeye na vitabu vyake. Mama alilitazama lile sanduku, akamtazama baba, akasema, "Wenzio wameleta viti."

Tulivianika uani siku tatu, karibu na makopa ya muhogo, na kuku wakavipitia juu. Kisha kila siku baada ya sala ya alasiri baba akawa anatusomea. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, kwa hiyo macho yake yalipita kwanza kimyakimya, halafu mdomo ukatoa Kiswahili. Mikate ya Wazungu ikawa mihogo, theluji ikawa "baridi ya Uluguru mara mia". Majirani wakaanza kuja, kwanza mmoja, halafu watano, wanamenya mihogo huku wanasikiliza.

Cha kwanza kilikuwa cha mpelelezi aliyewafukuza wezi wa johari kutoka mji hadi mji. Lo, nilikipenda! Bastola, milango ya siri, watu wanaojifanya wengine. Lakini baba alikuwa na tabia moja iliyoniudhi: utamu ukifika kileleni anafunga kitabu na kuuliza swali. Siku wezi walipokamatwa, sisi watoto tunapiga makofi, akauliza, "Na huyo tajiri mwenye johari, yeye alizitoa wapi?" Nikanuna. Nani alijali johari zilikotoka?

Cha pili kilikuwa cha watu waliopanda chombo wakaenda mwezini. Jirani yetu Bi Mwanaidi alisema astaghfirullah, akaacha kumenya, lakini hakuondoka. Wale wasafiri wakafika, wakakuta huko viumbe wana nyumba zao na mashamba yao, wakachomeka bendera ardhini na kuanza kugawana mabonde. Baba akafunga kitabu. "Wenyeji waliulizwa?" Wanaume walicheka, kisha mmoja wao akageuka kutazama njia ya bomani, na kicheko kikaisha. Mimi niliona tu kwamba baba ameniharibia tena hadithi. "Anayesoma mbio hula muhogo na ganda lake," alikuwa akiniambia. Nikajibu moyoni kwamba mimi nina njaa, nipe hata hilo ganda.

Cha tatu kilikuwa cha vita.

Hapa lazima niwaambie habari za mjomba wangu Shomari, kaka yake mama. Alikuwa ametoka vitani Burma miaka mitano nyuma, akajenga kibanda kando ya nyumba yetu. Mtu mpole, hodari wa kuchonga mipini ya majembe, asiyesema maneno kumi kwa siku. Alikwenda Burma pamoja na Ramadhani, mtoto wa pekee wa Bi Mwanaidi, akarudi peke yake. Mama yule alimwuliza mara moja tu mwanawe alikufaje. Mjomba akajibu, "Risasi, mama. Hakuteseka." Baada ya hapo akawa anazunguka njia ndefu kwenda kisimani asipite mlangoni kwake. Bi Mwanaidi naye hakuuliza tena, ila watu wazima walijua kinachomnyima usingizi: kwamba mwanawe aliachwa porini bila kuoshwa, bila kusaliwa, akaliwa na wanyama.

Mimi sikujua lolote. Nilijua mizinga. Baba aliposoma kile kitabu, mjomba alikaa mwisho wa baraza na mpini wake na kisu, na mapigano yakianza anainuka anaondoka. Nilidhani anachoshwa.

Alasiri moja baba alikuwa amekwenda bomani, hapakuwa na kusomewa. Nikakusanya watoto wenzangu uani, nikawagawa vikosi viwili, mimi jemadari. Ta-ta-ta-ta! Nikawaua wote. Mdogo wangu Mwajuma alikufa vizuri kuliko wengine, kalala chali, ulimi nje, nzi anamtembelea shavuni wala hajitikisi. Nilikuwa nimemkanyaga tumboni kwa ushindi pale Bi Mwanaidi alipotokea na ungo wake wa mihogo. Alisimama. Akamtazama Mwajuma muda mrefu.

"Huyu mliyemuua, Zena," aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "mtamzika?"

"Hapana, bibi. Ni adui."

Mjomba alitoka kibandani kwake kama aliyeungua. "Inuka!" alimpigia kelele Mwajuma. "Inuka, nimesema!" Hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. Watoto walitawanyika. Bi Mwanaidi aliuweka ungo chini, akaenda zake, na mjomba akabaki peke yake katikati ya uwanja. Usiku ule baba aliporudi niliwasikia yeye na mjomba wakizungumza nje kwa sauti ya chini, nikawa na hakika wanapanga kunichapa.

Sikuchapwa. Kesho yake baba alimtuma mama amwite Bi Mwanaidi, akafuta miwani, akafungua kitabu. Siku hiyo alisoma taratibu mno. Askari wawili wa kijiji kimoja wamo msituni. Mmoja ameshikwa na homa. Mwenzake anambeba siku mbili, anamnywesha maji kwa kofia, mpaka yule mgonjwa anakata roho. Aliyebaki anachimba kaburi kwa kifuniko cha sufuria. Kisha anaitazama miguu yake, buti zimeoza, vidole viko nje, na anainama kumvua maiti buti zake.

Nilikuwa nasubiri mizinga. Nikanong'ona, "Baba, ruka hapo."

"Kofia haikufaa," mjomba alisema.

Wote tuligeuka. Kisu kilikuwa kimemwanguka.

"Maji yalivuja kwenye kofia. Nilimnywesha kwa kiganja." Hakuwa anamtazama baba. Alikuwa anamtazama Bi Mwanaidi. "Haikuwa risasi, mama. Nilikudanganya. Ilikuwa homa. Siku mbili."

Hakuna aliyemenya. Bi Mwanaidi alishika shuka lake kifuani. "Alisema nini?"

"Alikuita. Halafu akapiga shahada, nikaisikia."

"Ulimwosha?"

"Palikuwa na kijito. Nilimwosha. Nilimsalia peke yangu, sikujua kama inafaa peke yangu. Nikamzika, nikaweka mawe." Akaitazama miguu yake. "Halafu nilichukua buti zake. Nilimvua mwanao buti, nikazivaa, nikaja nazo mpaka nyumbani."

Nikaogopa. Nilidhani atamlaani. Machozi yalimtiririka Bi Mwanaidi bila yeye kuyafuta, kisha akauliza:

"Zilikutosha?"

"Zilinibana, mama."

"Eh," alisema, na nusu ya kicheko ikamtoka. "Ramadhani alikuwa na miguu midogo. Kama baba yake." Akainuka, akaenda akakaa karibu na mjomba, akakishika kichwa chake akakiweka begani kwake. "Umemwosha mwanangu, na mimi miaka yote namwona yuko juu ya ardhi. Mbona hukuniambia, baba?"

Baba alifunga kitabu. Hakuuliza swali lolote. Ijumaa iliyofuata hitima ilisomwa nyumbani kwa Bi Mwanaidi, na mjomba Shomari ndiye aliyepokea watu mlangoni.

Nilipomaliza shule nikakijua Kiingereza, nikakisoma mwenyewe kitabu kile cha vita. Nikakisoma mara mbili. Mizinga ilikuwemo, tena mingi. Askari wawili wa kijiji kimoja hawakuwemo. Homa haikuwemo, wala buti, wala kifuniko cha sufuria.

Baba alikuwa ameshafariki. Nikamwuliza mjomba, mvi zimeshaanza kumtoka, akiwa bado anachonga mipini. Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini, akasema, "Usiku ule baada ya mchezo wenu wa vita nilimweleza baba yako yote, nikamwomba aniendee kwa Bi Mwanaidi. Alikataa kunisemea. Akaniambia, 'Shemeji, kesho uje barazani, na safari hii usiondoke.'"

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, vya wapelelezi, vya nyota, vya vita, na bado navipenda kwa mbio zake. Utotoni nilidhani baba anatukatizia hadithi ili atufundishe, walimu ndivyo walivyo. Sikujua kwamba alikuwa akiangalia nani barazani ameacha kumenya, na nani anataka kuinuka kuondoka.