Shamba la Baba Kwenye Televisheni

Harufu ya mafuta ya karafuu iliyochanganyika na harufu ya vumbi linaloungua ndani ya plastiki: hiyo kwangu ndiyo harufu ya masika ambayo baba yangu hakusema. Mafuta yalikuwa yake. Mama alimsugua nayo asubuhi na jioni, mkono wa kulia na mguu wa kulia, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimempiga upande huo wote na kuuacha mzito kama gunia lililolowa. Vumbi lilikuwa la mashine ya gemu, kisanduku cheusi kilichokwaruzika, ambacho mtoto wa shangazi alikiacha alipokwenda Unguja kutafuta kazi. Tulikuwa Kaole, katika chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi, na kisanduku kile kikiwaka kwa muda mrefu kilipata moto, kikanuka, na shangazi akapaza sauti kutoka uani kwamba tunataka kumchomea nyumba. Hata leo nikipita karibu na banda la fundi wa redio, nikakutana na harufu ile ghafla, hunibidi nisimame kidogo.

Sisi si watu wa Kaole. Kwetu ni Miono, na baba alikuwa mkulima tangu alipojua kushika jembe. Tulihamia kwa shangazi, dada yake, ili awe karibu na hospitali. Mama alidhani tungekaa wiki chache, lakini wiki zikaongezeka, mawingu ya masika yakaanza kukusanyika, na shamba likabaki kule na majani yake. Ugonjwa ulikuwa umemwachia baba neno moja tu, “eee”, na hilo alilitumia kwa kila kitu. Ukimuuliza kama ana njaa, eee. Ukimuuliza kama ameshiba, eee. Nyakati nyingine aliona mwenyewe kwamba neno lililotoka silo alilotaka, machozi yakamjaa, na mama akajifanya anatafuta kitu chini ya kitanda. Nawaeleza haya taratibu kwa sababu wengi wenu mna mgonjwa wa namna hii nyumbani, na najua jinsi mtu anavyofika mahali akaacha kumuuliza. Sisi tulifika hapo mapema sana. Tulizungumza mbele yake kama tunavyozungumza mbele ya kabati.

Neno hilo moja ndilo lililotaka kutumaliza. Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa amempata mtu wa kukodi shamba letu lote kwa miaka mingi apande mananasi. Trekta lingeanzia juu na kushuka mpaka kijitoni, lisibakishe kitu. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyetafuta gari la kumleta baba hospitali, na matibabu yalikuwa yamemkausha kama yalivyotukausha sisi. Alikaa kitandani pembeni ya kaka yake, akamuuliza kwa upole kama anakubali shamba likodishwe, na baba akasema eee. Baada ya yeye kuondoka mama alimuuliza kama anataka tulime wenyewe, na baba akasema eee. Mama alipompelekea shemeji yake jibu hilo la pili, aliambiwa kwamba la kwanza lilitangulia. Basi mama akawa halali vizuri, wala hali. Bila shamba lile tusingekuwa na chakula wala mahali pa kurudi. Tungekuwa wageni wa shangazi maisha yetu yote, na hata dada wa damu huchoka.

Mimi na kaka yangu Shabani tulikimbilia kwenye televisheni. Katika boksi la diski mlikuwa na gemu za mpira, ambazo Shabani alizimaliza na kuzichoka, kisha zikabaki zile ambazo mwenye mashine hata hakuwa akizigusa: gemu za kuiga kazi. Kwa asiyezijua, hizi hazina adui wala bao. Unapewa kazi ya watu wazima, unaachwa nayo, na gemu inakutazama utafanya nini. Watu huuliza ipi ilikuwa bora, na nina majibu yangu. Ya ndege ilikuwa nzuri kwa mawingu yake, lakini ilitaka vidole vingi kuliko tulivyojaliwa, na kila safari ya Shabani iliishia majini. Ya kujenga mji niliipenda mimi. Nilijenga barabara nyingi nikasahau mabomba ya maji, na wakazi wangu wakaanza kulalamika kwa sauti zilezile za foleni ya ndoo pale mtaani. Ilikuwepo moja ya familia inayoishi katika nyumba, watu wadogo wanaolia wasipolishwa. Hiyo mama aliitazama mara moja, akamwambia Shabani aitoe. “Wanaolia ninao wangu,” alisema, na akarudi jikoni.

Lakini iliyozishinda zote ilikuwa ya shamba. Ilikupa kipande cha ardhi kinachoteremka kuelekea kijito, jembe, na mbegu: mahindi, maharage na maboga. Ulilima kitalu kimoja kimoja, mvua ilinyesha kwa wakati wake, na kila mwisho wa mwezi alitokea mzee mwenye kofia pana akakuambia ulipokosea. Uzuri wake ulikuwa katika uvumilivu wake. Haikukuharakisha. Ukikaa kimya, nayo ilikaa kimya, jua lake likizunguka. Siku moja, tukiicheza, niliona macho ya baba yamehama kutoka ukutani, mahali yalipokuwa yamekaa tangu tufike, na yanafuata jembe.

Nilimpelekea pedi ya kuchezea, ile yenye vitufe. Aliikataa, na mama ndiye aliyeelewa kwa nini: ingembidi aipokee kwa mkono wa kushoto, na baba alikuwa mtu aliyelelewa kutopokea hata punje ya chumvi kwa mkono huo. Mama aliichukua, akasema bismillahi kwa niaba yake, akamwekea mapajani kana kwamba imeshuka hapo yenyewe. Baada ya muda dole gumba la kushoto likatambaa juu yake. Alimsogeza yule mkulima mdogo hatua moja, akavuka kwa kidole kilekile mpaka upande wa pili wa pedi, akabonyeza, na jembe likashuka. Kwa kitalu kimoja alitumia muda ambao Shabani angelima shamba zima. Jasho lilimtoka. Tulipotaka kumsaidia alitoa mguno ambao haukuwa eee, na tukarudi nyuma.

Sasa lazima nieleze jambo moja la mashine hizo za zamani, kwa faida ya vijana. Hazikuweka kumbukumbu zenyewe. Ulihitaji kikadi kidogo cha kuchomeka mbele, na chetu mtoto wa shangazi alikuwa ameondoka nacho. Umeme ukikatika, kila ulichokifanya kilipotea. Na pale Kaole umeme ulikatika ulivyotaka. Baba alilima tangu asubuhi, na kabla ya adhana ya adhuhuri chumba kikawa giza na shamba likaenda. Tulingoja alie. Umeme uliporudi alinyoosha dole gumba, akaanza upya kutoka kitalu cha kwanza. Ikawa hivyo tena na tena. Mama alitoka nje ya chumba kila mara skrini ilipozimika, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona tunda la jasho lile likifutika, na mimi nilichukia umeme jinsi mtu anavyomchukia mtu.

Shabani ndiye aliyegundua kwamba baba hapandi ovyo. Kila alipoanza upya aliweka mahindi katikati, maharage upande wa mapambazuko, maboga yakazunguka mpakani, na kona ya chini, kushoto kwa kijito, akaiacha tupu. Kisha alimpeleka mkulima wake kwenye ukingo wa kona hiyo, akamsimamisha hapo bila kufanya kitu. Mzee mwenye kofia alikuja kila mwezi kulalamika kuhusu ardhi iliyolala. Shabani, akidhani baba amechoka au upande ule wa skrini hauoni vizuri, siku moja alichukua pedi baba aliposinzia, akaijaza kona ile mahindi. Baba alipofumbua macho na kuona, alipiga yowe lililomleta shangazi mbio na mwiko mkononi. Hakutulia mpaka mahindi yale yameng'olewa yote, moja baada ya jingine, kwa kidole chake.

Mama alikuja akatazama, na kwa mara ya kwanza alikaa chini mkekani mbele ya televisheni. Alitazama kwa muda mrefu. Akatuambia kwamba hilo ni shamba letu la Miono. Mahindi yalikaa hapo, kunde upande ule, maboga mpakani, na kona ya chini baba hakuilima miaka yote ya ndoa yao kwa sababu, alivyomwambia, maji hutuama pale na mahindi huoza. Kisha akaniuliza kama kona ile kwenye gemu ina maji. Nilimwambia hapana, ndiyo ardhi nzuri kuliko zote. Aliuliza tena, nikamjibu tena. Uso wake ukabadilika, akainuka mkekani.

Baba mdogo alifika alasiri ya siku iliyofuata, mawingu yakiwa yameshuka kabisa. Alikuja kuchukua neno la mwisho la kaka yake mbele ya shangazi, ili mtu wa mananasi alete trekta kabla ya mvua. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama skrini. Baba hakuacha kulima. Baba mdogo alimtania kidogo, kwamba kaka amekuwa mkulima wa kivulini, halowi wala haungui jua. Mama alimwomba jambo moja tu, asimuulize chochote kwanza, akae atazame. Na hapohapo umeme ukakatika.

Baba mdogo alijipangusa magoti, akasema kwamba basi, shamba ndilo hilo limekwisha, na wakubwa tuzungumze. Mama alimshika shangazi mkono. Sidhani nimewahi kuomba kwa Mungu kwa nguvu kama nilivyoomba umeme ule, nikiwa nimefumba macho mbele ya kioo cheusi. Baba mdogo alikuwa ameshainama kwenye sikio la kaka yake, ameshaanza swali lake, feni ya darini ilipoanza kuzunguka: umeme umerudi.

Baba hakumjibu. Dole gumba lilikuwa limeshatambaa. Mahindi katikati. Maharage upande wa mapambazuko. Baba mdogo aliletewa chai, ikapoa. Maboga mpakani. Alipofika chini, kushoto kwa kijito, baba aliruka ile kona, akapanda iliyobaki, akamsimamisha mkulima wake ukingoni, na akaiachia pedi mapajani. Baba mdogo alikuwa ameacha kutania kitambo. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

“Shemeji,” mama akasema, “pale Miono hapatuami maji, sivyo?”

Aliizungusha kofia mikononi. “Hapatuami.”

“Ndipo mlipomlaza?”

“Ndipo. Mimi ndiye niliyebeba maji ya kumwagia kaburi. Kaka alisema usionyeshwe, utashinda pale unalia.”

Ndivyo tulivyojua, mimi na Shabani, kwamba tulikuwa na dada kabla yetu, aliyeitwa Mwanaidi na kuishi siku chache. Kwetu wanawake hawaendi kuzika. Mama alibaki ndani na akina mama wenzake, wanaume wakaenda, na baadaye akaambiwa tu kwamba mtoto amelazwa huko chini, karibu na kijito. Kijiti cha alama kililiwa na mchwa. Miaka yote alipita karibu na kona ile na mtungi wake, akiamini ni tope. Aligeuka sasa, akamtazama mumewe. “Baba Shabani, ndipo alipo mwanangu?”

“Eee,” baba akasema, na siku hiyo hakuna aliyeuliza kama alimaanisha.

Baba mdogo aliondoka bila kunywa chai. Trekta halikuja. Mama na Shabani walikwenda Miono mvua ya kwanza ilipopiga, wakapanda kama walivyoona kwenye televisheni, na mimi nikabaki kumsugua baba mafuta ya karafuu. Ningependa kuwaambia kwamba alipona. Hakupona. Mama alimletea hindi la kwanza la kuchemsha, akalishika kwa mkono wa kushoto mpaka likapoa, na kabla ya masika mengine alifariki. Tulimrudisha Miono. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyesema alazwe kwenye ile kona.

Leo watoto wa Shabani wanacheza gemu za shamba kwenye simu. Zinajihifadhi zenyewe, hazipotezi kitu, na zina rangi ambazo sisi hatukuziota. Nazipenda, sitasema uongo. Ile mashine nyeusi iko kabatini kwangu, haiwaki, na sina televisheni ya kuichomeka hata kama ingewaka. Nilimwambia mmoja wa watoto siku moja afute shamba lake lote na alipande tena lilivyokuwa. Alinitazama kama nimepatwa na wazimu, akauliza kwa nini mtu afanye hivyo. Nikamwambia aendelee tu kucheza.

Siku hizi shamba tunalilimisha kwa trekta la kukodi. Mwaka huu dereva alikuwa mpya, kijana wa Lugoba. Aliteremka akilima mpaka karibu na kijito, akaona ile kona ya majani, ardhi nzuri nyeusi iliyolala bure, akapunguza moto na kunipigia kelele kutoka kitini akiuliza kama ageuzie trekta hapo, aiache ile kona.

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na maneno yote, hakuna aliyeyachukua. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni “eee”.

Akageuza.