Kigari Kilichopelekea Wakwe Chai

Kitinda mimba wangu alisomea umeme chuoni Nyeri mjini. Likizo moja ya miaka ya tisini alijifungia katika banda la kuku la zamani, hapa kwetu Wamagana, akiunda kigari. Nilikishuku tangu mwanzo. Kilikuwa na magurudumu matatu, betri na mota ya waipa, kifuta kioo, ya gari kuukuu, na kilitembea bila kuvutwa. Nilipitisha fimbo mbele yake, kisha nyuma, nikitafuta uzi. Sikuupata, nikazidi kushuku.

Akanieleza kwamba chini ya tumbo kina macho ya kuona weupe. Yeye hubandika utepe mweupe sakafuni. Kigari kikienda kombo, macho yanaona wekundu wa sakafu, kinajirudisha. Nikauliza kinajuaje kimefika. Ati gurudumu linahesabiwa mizunguko, hesabu ikitimia kinasimama. Nikamwambia mimi siamini kitu kinachotembea kikiangalia chini tu.

Siku hizo kila mtu alikuwa akinong'ona habari za waabudu shetani. Na wakwe watarajiwa wa mwanangu huyo walikuwa wanakuja kutoka Kerugoya, baba ya msichana akiwa mzee wa kanisa. Mwanangu akataka kigari ndicho kiwapelekee chai, ili mzee aone kijana si mvivu. Nilikataa. Alinisihi mpaka nikachoka.

Siku yenyewe nilitandika viti vitambaa vyangu vyeupe vya kufuma, vile virefu vya kugusa sakafu. Kigari kikatoka jikoni na birika, polepole juu ya utepe. Kufika katikati kikauacha, kikafuata kitambaa cha kiti cha mzee, kikamgonga mguu. Chai ikamwagikia suruali yake.

Shangazi ya msichana akachukua mkoba wake. Mzee akaniangalia.

"Mama kijana, hii kitu imetumwa kwangu na nani?"

Nikaona harusi inatoka mlangoni. Nikamwambia mwanangu afungue kifuniko mbele ya watu wote. "Na usituletee Kizungu."

Akafungua, akaeleza habari ya weupe. Ndani mlikuwa na waya, betri na vipande vya kopo la mafuta ya kupikia. Hata mimi sikuwa nimewahi kuona ndani, kwa hivyo niliingiza mkono mpaka chini, nikipapasa kama kuna kitu kingine.

Mzee akapiga magoti kando yangu, naye akapapasa. Kisha akakikunja kile kitambaa juu ya kiti na kuagiza kigari kirudishwe jikoni, kije tena. Kikaja, kikampita, kikasimama mwisho wa utepe mbele ya shangazi, ambaye alikuwa ameinua miguu yote miwili.

"Kijana anaweza kuja kwetu," mzee akasema. "Hicho kibaki hapa."

"Hata mimi sikitaki. Wachukueni wote wawili."

Hakucheka. Lakini aliketi tena, akaninyooshea kikombe, na chai hiyo nilimmiminia mwenyewe.