Mtu Mbaya wa Jumamosi

Kwa miaka mitatu, katika miaka ya themanini, nilichukiwa kuliko mtu yeyote hapa Toronto na katika miji midogo inayoizunguka, na kazi hiyo niliifanya vizuri. Sisemi kwa majivuno. Au basi, nasema kwa majivuno. Nimeshafika umri wa kujisifu bila kuomba radhi. Watu wazima, wenye tai shingoni, walinitemea mate. Bibi mmoja wa umri wa mama yangu alinichoma kiunoni kwa ncha ya mwavuli, na nilipogeuka nikamwona anavyotetemeka kwa hasira, nikasema moyoni: leo nimefanya kazi.

Mieleka ya wakati ule haikuwa kama ya leo, ya kampuni moja kubwa inayojaza viwanja dunia nzima. Kila eneo lilikuwa na promota wake, na mapromota walikuwa wameelewana: hapa kwangu, pale kwako, usinivukie mpaka. Wa kwetu alikuwa mzee mnene asiyecheka, mwenye ofisi ndogo kule Downsview, katikati ya maghala. Mimi nilikuwa mpakiaji katika ghala alimohifadhi ulingo wake. Tulipakia nguzo, mbao, turubai na kamba kwenye lori, tukaenda hadi mji wa siku hiyo, tukaufunga ulingo, watu wakapigana, tukaufungua, tukarudi. Kwa mtoto wa muuza vitambaa wa Tanga, aliyelelewa nyuma ya meza ya duka akipima khanga kwa mikono, hiyo ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Niliipenda tangu siku ya kwanza.

Siku moja promota alinikuta namfokea dereva aliyekuwa ameegesha lori vibaya. Nilimfokea kwa Kiswahili, maana nikikasirika Kiingereza kilikuwa kinanikimbia. Promota akasimama, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza hiyo ni lugha gani. Nikamwambia. Akauliza kama wapo wengi mjini wanaoielewa.

“Wachache,” nikamjibu. “Nao hawana habari na mieleka.”

Nilikuwa na uhakika kabisa. Siku zile nilikuwa na uhakika na kila kitu.

Promota alikuwa na jitu lake moja, mwana wa mkulima wa viazi, mpole, mwenye haya, aliyeshikwa na kigugumizi kila alipoonyeshwa kipaza sauti. Walikuwa wamemnyoa kichwa na kutangaza kwamba ametoka jangwa fulani lisilo kwenye ramani yoyote. Kilichokosekana kilikuwa meneja wa kumsemea. Nikavikwa kilemba, miwani nyeusi na ndevu za bandia, nikakabidhiwa bakora yenye kichwa cha fedha, nikaambiwa kuanzia leo mimi ni mjumbe wa sultani na sijui Kiingereza.

Mjukuu wangu, anayesoma chuo kikuu, alipoona picha za siku zile aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama sikuona haya kujifanya Mwarabu wa uongo ili kuwatisha Wazungu. Nilimjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yangu, kwamba huko mitaani walinitazama hivyo hivyo kila siku, tena bila kunilipa. Sijui kama alikubaliana nami, na sikumwuliza.

Kazi ile ilikuwa na sharti moja, nalo lilikuwa zito kuliko mbao za ulingo. Mapambano yalipangwa. Maumivu yalikuwa ya kweli, kwa sababu mtu akidondoka juu ya mbao amedondoka tu, lakini nani ashinde na nani ashindwe aliamua promota. Jambo hilo halikusemwa nje, kamwe, kwa mtu yeyote. Watu wema na watu wabaya waliingia ukumbini kwa milango tofauti. Hawakupanda gari moja wala kula meza moja. Shujaa wetu, mtu mpole mwenye nywele za rangi ya majani makavu, alikuwa rafiki yangu wa kweli, lakini tulipokutana dukani kila mmoja alitazama upande wake kama hamjui mwenzake. Siku ya kwanza promota alinishika mkono, akanitaka niape kwamba sitasema kwa mama, wala kwa mke nitakayemwoa. Nikaapa.

Basi kila Jumapili mchana tulikuwa tunarekodi kipindi cha televisheni, kikaonyeshwa Jumamosi iliyofuata. Nilichukua kipaza sauti nikaufokea ukumbi mzima kwa Kiswahili. Nilisema nini? Chochote. Nilitaja bei za vitambaa vya baba. Nililalamika kuhusu theluji, mabasi ya barabara ya Finch yanayochelewa, na jirani wa ghorofa ya juu aliyekuwa akiburuta viti. Niliyasema hayo kwa macho ya mtu anayelaani ukoo mzima, na watu wakasimama juu ya viti kunizomea. Jitu langu lilisimama nyuma yangu limekunja mikono, likitikisa kichwa kana kwamba limeelewa.

Wakati huo nilikuwa naishi na mama katika moja ya maghorofa ya mtaa wa Jane na Finch. Mama alijua nafanya kazi ya ghala, na alikuwa ameona muda wangu wa kuoa umefika. Kwa bahati, msichana aliyemtaka yeye ndiye niliyemtaka mimi. Nilikuwa nimemwona kwenye sikukuu huko jamatkhana, nyumba ya ibada yetu sisi Waismailia, akiwacheka vijana wanaocheza vibaya, na tangu hapo sikupata usingizi mzuri. Baba yake alikuwa fundi saa wa mtaa wa Agincourt, mtu wa Moshi, mwenye sauti ndogo na vidole visivyotetemeka. Ijumaa moja nilikwenda kujitambulisha.

Alinipa chai. Ilikuwa na tangawizi ya kukwangua koo.

“Unafanya kazi gani, kijana?”

“Usafirishaji, mzee.”

“Wa nini?”

“Wa vifaa, mzee.”

“Vifaa gani?”

“Vya mbao, mzee.”

Hakuna neno la uongo hapo, lakini alinitazama kama saa aliyoiona inatembea huku akijua ndani kuna meno yaliyovunjika. Nilirudi nyumbani nina hasira. Mimi, niliyewasimamisha watu maelfu juu ya viti vyao, nilikuwa nimehojiwa kama mwizi wa kuku.

Jumapili iliyofuata hasira hiyo nilipanda nayo ulingoni. Pambano lilikuwa kati ya jitu langu na shujaa. Ilipangwa kwamba refa akigeuka nimrushie shujaa poda machoni, jitu limpige kwa bakora yangu, shujaa atoke damu, ashindwe. Yote yakaenda kama yalivyopangwa. Shujaa alipolala pale uso mwekundu, nikanyakua kipaza sauti.

“Mzee fundi saa!” nikanguruma. “Unaniuliza kazi yangu mara tatu? Kazi yangu ndiyo hii! Chai yako ina tangawizi ya kuua ng'ombe! Na binti yako nitamwoa, utake usitake!”

Ukumbi ulilipuka. Askari wanne walinitoa kupitia mlango wa nyuma. Promota, asiyecheka, alinipiga bega akasema sijawahi kuwa mzuri kama siku hiyo. Na ni kweli. Kosa lile wangeweza kulifanya watu wa aina yetu peke yao: tulizoea kuwasema watu kwenye basi na sokoni bila mtu kugeuka, mpaka tukaamini kwamba katika mji ule Kiswahili ni chumba chenye mlango uliofungwa.

Kipindi kikaonyeshwa Jumamosi. Jumapili asubuhi simu ikalia. Fundi saa alisema maneno mawili tu: “Njoo leo.”

Nilipofika, alikuwa amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Chai ilikuwa tayari mezani.

“Leo tangawizi sikuweka,” akasema.

Nilianza kuomba radhi, akainua kidole.

“Maneno yako si kitu. Kijana akitaka mke hutukana wazee, hata mimi nilitukana. Mimi naangalia mieleka kila Jumamosi tangu tuje nchi hii. Nilikuwa najiuliza yule mjumbe wa sultani amejifunza wapi Kiswahili cha Tanga. Nilidhani ni baharia aliyepotea njia.” Akaionyesha televisheni kwa kidole. “Lakini ile poda. Ulimpofusha mtu mbele ya macho yangu. Mwenzako akampiga haoni. Alitoka damu, na wewe ukacheka. Nimpe mwanangu mtu wa namna hiyo?”

“Mzee...”

“Hapana. Nimekuita nikwambie uso kwa uso. Hapana.”

Nikaelewa. Mtu huyu makini, aliyefungua saa za watu kwa darubini jichoni, aliamini kila kitu. Na kwa kuwa aliamini, nilikuwa nimempoteza msichana.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, huyo msichana. Hakulia wala hakunionyesha ishara yoyote. Alinitazama tu, akisubiri kuona mimi ni mtu gani. Upande mmoja kulikuwa na kiapo changu, ambacho nikikivunja kibarua changu kingeota nyasi, na si changu peke yangu. Upande wa pili alikuwa yeye. Leo nikiulizwa nilifikiri muda gani, nasema kweli: sikufikiri.

“Ilikuwa poda ya mtoto, baba,” nikasema. “Haiumi. Yeye mwenyewe alijua kwamba nitaitupa. Tulipanga.”

“Mlipanga nini?”

“Yote. Nani ashinde. Nani aanguke, na wapi.”

Alinitazama bila kupepesa.

“Na damu?”

“Alijikata mwenyewe. Wana kipande cha wembe, wanakificha kwenye bandeji ya mkono.”

“Kwa nini mtu ajikate?”

“Ili wewe ukasirike, baba.”

Nilijiona mtu jasiri. Nilimweleza habari za milango miwili, za jitu langu na viazi vya baba yake, za shujaa kwamba ni rafiki yangu na hana kinyongo. Nilisema upesi upesi, kwa furaha kabisa, nikiona uso wa msichana unavyolegea na kuanza kutabasamu. Nilikuwa nashinda, na mtu anayeshinda hatazami sana.

Fundi saa alisubiri nimalize. Kisha akaniuliza, sasa kwa sauti ndogo zaidi:

“Mwaka tuliofika hapa, ule wa kwanza, sikuwa na kazi miezi sita. Nilikuwa nakaa kwenye kiti hiki siku nzima. Jumamosi moja huyu kijana mwenye nywele za majani makavu walimpiga watatu, mpaka akashindwa kusimama. Refa akaanza kuhesabu. Halafu akasimama. Akawapiga wote watatu, akachukua mkanda wa ubingwa. Nilimwita mke wangu kutoka jikoni, nikamwambia, umeona? Amesimama. Jumatatu nikatoka kwenda kutafuta kazi tena.” Akaweka viganja vyake juu ya magoti. “Hilo nalo?”

Pambano hilo nilikuwa nalijua. Ulingo wake niliufunga kwa mikono yangu. Na hapo ndipo ningeweza kutulia. Ningeweza kusema hilo moja silijui, au hilo lilikuwa la kweli, baba, siku hiyo mambo yalituponyoka. Mtu aliyesema uongo mbele ya maelfu kila wiki alishindwa kusema uongo mmoja, kwa mtu mmoja. Nilikuwa nimekolea, nikiuona ukweli ni kitu cha kugawa tu.

“Hilo nalo,” nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyepewa jibu alilolitarajia.

“Basi hujamwumiza mtu,” akasema. “Mchukue.”

Tulioana baada ya miezi minne. Siri yangu haikutoka nje ya chumba kile, na promota alikufa bila kujua. Muda mfupi baadaye kampuni kubwa ya kusini, ya Marekani, iliingia ikameza maeneo yote, mipaka ya mapromota ikafutika, na mimi nikanunua lori langu la kwanza. Nikafanya usafirishaji wa kweli, na nikafanikiwa. Mke wangu bado yupo, na bado anawacheka wanaocheza vibaya. Nikiulizwa leo kama ningemchagua tena, sihitaji kumeza mate kabla ya kujibu.

Lakini baba yake hakuangalia mieleka tena. Jumamosi ya kwanza baada ya posa nilikwenda makusudi saa ya kipindi, nikitegemea tutakaa pamoja, nimtajie nani atashinda, tucheke. Alikuwa nje anafagia theluji ambayo ilikuwa imeshafagiwa. Aliniambia niingie ndani, televisheni iko huru, nijisikie nyumbani. Tangu siku hiyo hadi alipofariki aliongea nami kuhusu hali ya hewa, matairi ya baridi na afya ya mama. Hatukugombana hata mara moja. Watu walituonea wivu kwa jinsi tulivyopatana.

Baada ya mazishi mke wangu alikuwa akikunja nguo za marehemu, akaanza kucheka peke yake. Nikamwuliza ana nini. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba zamani, kabla baba yake hajajua mimi ni nani, mzee alikuwa akivua ndala na kuirusha kwenye kioo cha televisheni kila nilipotokea. Alisimama, akanilaani hadi mishipa ya shingo ikamtoka, na mama mkwe alilazimika kuzificha ndala zote za nyumba kila Jumamosi kabla kipindi hakijaanza. Alisema baba yake hakuwa na furaha kama hiyo kwa jambo lingine lolote.

Mimi nilipewa kiti, chai na heshima, miaka yote ile. Ndala hakunirushia hata moja.