Mawe ya Kanisa Letu

Leo wameosha sakafu ya kanisa, na harufu ya jiwe lililolowa imenipanda puani kabla sijaketi. Padre anasoma historia ya parokia. Wazee wetu, anasema, walilijenga kwa kujitolea na kwa furaha. Watu wanapiga makofi. Mimi mikono yangu imekataa.

Kujitolea! Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na wanawake wa kijiji chetu walitolewa nyumbani asubuhi kwa filimbi ya homugadi, askari wa kijiji wa serikali ya mkoloni. Mama alibeba jiwe kutoka mtoni, likimlowesha mgongo, mkanda wa kulibebea umembana kwenye paji la uso. Nilimfuata na mchanga kwenye kiondo, nikilinusa lile jiwe mpaka juu, hapa kanisa lilipokuwa likijengwa. Siku moja, akiwa na mimba kubwa, aliketi kando ya njia.

"Wewe mama, nani amekuambia upumzike?" homugadi akafoka.

"Mgongo umekataa, mwanangu."

Alimwita mwanangu kwa sababu alikuwa mtoto wa jirani. Yeye akampiga kwa kitako cha bunduki, mimi nikitazama. Mama akainuka na jiwe lake.

Mkanda ulimwachia bonde kwenye paji la uso mpaka uzeeni. Alipokufa, nilikuja hapa kuomba jeneza lake liingizwe ndani, aombewe tu. Katekista akafungua daftari la ubatizo, akapitisha kidole, akalifunga.

"Jina lake halimo," akaniambia, ameegemea ukuta wa mawe. "Huyo si wa kanisa hili."