Kurasa Mbili za Binti Mfalme

Hata leo, nikipita karibu na magunia ya kahawa pale Kimandolu, nasikia panga.

Mama alitufungia kwenye stoo ya kahawa, mimi na dada yangu mkubwa, akatoka kuwakabili baba zetu wadogo. Walikuja kufyeka mibuni aliyoiacha baba, wakisema mwanamke harithi shamba. Ili nisilie, dada alinisomea kitabu cha watoto tulichopewa kanisani, cha binti mfalme wa Ufaransa. Binti alikuwa na mbwa mdogo na magauni ya hariri. Kisha watu wenye hasira wakavunja geti la jumba lao, wakamkata baba yake kichwa, yeye wakamfungia mnarani.

Nje, mibuni ilikuwa inaanguka. Mama akapiga ukelele mmoja. Halafu panga likagonga kitu laini, tena na tena.

“Na mama yake?” nikauliza.

Dada akafunua kurasa mbili kwa mpigo, karatasi ikachanika.

“Binti akakua, akaolewa,” akasoma.

“Dada, mama yake je?”

“Binti hakuambiwa,” akasema, akaniziba masikio kwa viganja vilivyonuka kahawa.