Maji Kwenye Kikapu cha Mama

Karani alipindua kikapu cha mama, majani mabichi ya chai yakaanguka vumbini mbele ya watu wote. Nilidhani kimemponyoka. Kisha akainua mikono yake iliyolowa, akawaonyesha wakulima waliopanga foleni bandani.

"Mmeona? Kiangazi hiki, tone la mvua hakuna, majani ya mama huyu yanachuruzika!"

Wako waliotia maji ili majani yawe mazito kwenye mizani, na wanunuzi wapya, walioingia biashara ya chai ilipofunguliwa kwa watu binafsi, walikuwa wameapa kuwakomesha.

"Mama, umechuma chai au umechota mto Kiwira?" akauliza mwanamke mmoja wa Masukulu. Banda zima likacheka.

Mama alichuchumaa akaanza kuokota, jani kwa jani. Mimi nilibaki nimesimama nyuma yake, maana maji yale niliyatia mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Wiki iliyotangulia karani alikuwa ameyakataa majani yetu kwa sababu yalinyauka juani. Nami nilijua dawa ya kunyauka. Kila tulipopeleka mboga gulioni Mpuguso nilizinyunyizia maji kwa bakuli la bati, zikafika zimechangamka kama zimechumwa sasa hivi. Basi asubuhi ile, mama alipoingia ndani kubadili kanga, nikainyunyizia chai nayo. Mara tatu, ili mama apendeze mbele ya karani.

Habari ilifika kanisani kabla yetu. Mama ndiye aliyekuwa akifua na kupiga pasi kitambaa cheupe cha Meza ya Bwana, kazi aliyoachiwa na bibi. Wazee wa kanisa wakakichukua kitambaa, wakampeleka benchi la nyuma, la waliotengwa, mpaka atakapotubu mbele ya usharika. Sikuamini. Watu hawa walikula ndizi nyumbani kwetu.

Mzee mmoja alikuja jikoni, mpole, kofia mkononi.

"Sema tu, mama. Neno moja, na Jumapili unarudi mezani."

"Sikutia maji, baba."

"Nani basi?"

Mama akasukuma kuni ndani zaidi. "Sikutia maji."

Nilikuwa namenya ndizi pembeni yake. Kisu kikaniponyoka. Mzee akanitazama, akadhani namwogopa, akanipa pole.

Miezi ikapita. Kisimani wanawake waliulizana kwa sauti kama chai inakua vizuri ikimwagiliwa ndani ya kikapu. Mama aliwasalimia "ndaga" kwa upole uleule, akajitwika ndoo yake. Kanisani aliimba kutoka benchi la nyuma, sauti yake ya chini ikipita juu ya vichwa vyote hadi madhabahuni. Hilo ndilo lililonimaliza.

Siku moja tukiwa migombani nikasema, "Mama, ni mimi."

"Najua."

Jembe langu likabaki hewani.

"Bakuli lilikuwa mlangoni, limelowa," akasema. "Lini wewe umewahi kurudisha kitu mahali pake?"

"Tangu siku ile unajua? Kwa nini husemi?"

"Nikisema, ni wewe utakayesimamishwa pale mbele. Watasema nilikutuma, na jina la mwizi utaolewa nalo. Bwana Yesu alishtakiwa kwa makosa ya wengine, akanyamaza. Mimi nishindwe na benchi?" Akacheka kidogo. "Hata na ule msumari wake uliochomoza tumeshazoeana."

Sikucheka. Nilishtuka kama aliyepigwa kofi, kisha nikakasirika. Yeye alikuwa na amani yake na Mungu. Mimi nililala na kuamka na maji yale. Hakuniuliza kama nataka kubebwa.

Jumapili ya Meza ya Bwana, mchungaji alipowaita watu mbele, mama alibaki ameinamisha kichwa. Nikajikuta nimesimama.

"Maji niliyatia mimi," nikasema. "Kama ya mboga. Ili yasinyauke."

Nilisikia mtoto wa mtu akinyonya.

"Kama ya mboga?" akarudia yule mzee, taratibu, na nikaona uso wake ukibadilika alipokumbuka kisu kilichoanguka jikoni.

Mama, ambaye bandani hakutoa hata chozi moja, akafunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti. Mpaka leo sijui kama nilimtua mzigo ule au nilimnyang'anya.

Kitambaa kilirudi Alhamisi, kimeletwa na mzee mwenyewe, naye hakuweza kututazama machoni. Mama alikifua, akakianika. Kilipokauka akawasha pasi ya mkaa, akakitandaza mezani, akanisogezea lile bakuli la bati.

"Haya, nyunyizia," akasema. "Hiki ndicho kinachotaka maji."

Nikachovya vidole. Matone yakaanza kuanguka kabla sijaufikisha mkono mezani.